Aliyeondolewa Jina

Habari hii niliipata kwa Nelius, mke wa Ngari, mwezi wa pili mwaka huu, tulipokuwa tumekaa mlangoni pangu tukipepeta ndengu zake kwa sababu kwake upepo hauingii vizuri. Alianza kunieleza akicheka, na mahali fulani katikati ungo ukatulia mikononi mwake. Mengine niliambiwa na msichana mwenye habari hii, ambaye hakucheka. Nimeyaweka pamoja kama yalivyokwenda.

Boma la Ngari liko chini ya Gachoka, kwetu Mbeere, upande wa kuteremkia mto Thiba, huko ambako mahindi hukauka yakiwa magotini na muguka, yale majani ya kutafuna, peke yake ndiyo hubaki kijani. Humo anakaa Ngari na Nelius, mama yake Ngari anayeitwa Igoki, na watoto wawili. Mdogo ni Muchangi. Mkubwa ni msichana aliyebatizwa Tabitha, lakini hilo la Tabitha lilikuwa la cheti na la kanisani. Nyumbani aliitwa Wambura, jina la dada yake Ngari aliyekufa zamani.

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, basi amekuwa mtu huyo. Kwa hivyo Igoki hakumwita mjukuu, alimwita binti yangu. Ngari alimwita dada tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Na Nelius, aliyemzaa na kumnyonyesha, alimwita wifi. "Wifi, nivutie hicho kiti." "Wifi, kaka yako amekula?" Kaka ni Ngari. Wageni wakichanganyikiwa, wenyewe walicheka.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka siku ya Ijumaa. Wambura alipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, maana ndipo simu hushika mtandao, na wote wakabaki chini wakimtazama kama watu wanaotazama mtu aliyepanda paa. Alitaka uuguzi. Mwalimu wake alikuwa amemwambia hata B inawezekana, na Nelius alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa hiyo B, jambo ambalo alilijutia baadaye.

Simu ilizunguka, ikazunguka. Kisha msichana akatulia.

"Imefunguka?" Nelius akauliza.

"Imefunguka."

"Si usome."

"D," akasema. Halafu, kama mtu anayewatupia kitu kidogo cha kuwatuliza, "plus."

Mbuzi mmoja alikohoa zizini. Mwishowe Ngari akasema, "Shuka, dada. Jua ni kali."

Wambura akashuka. Hakulia. Aliingia jikoni, akawasha moto, akaanza kumenya viazi, na maganda yakawa yanadondoka marefu bila kukatika. Igoki alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni. Aliiangalia ile mikono ikimenya, na fimbo yake ikaanguka chini. Hakuiokota. Alitoka nje akiwa ameshika ukuta, akamwita Ngari na Nelius nyuma ya ghala.

"Mmemwona?"

"Anapika, mama," Ngari akasema.

"Hata yule alipika."

Ngari akainamisha kichwa. Nelius, aliyeolewa humo baada ya mambo hayo, alikuwa ameyasikia mara moja tu, siku ya kumpa mtoto jina, na akaambiwa asiyaulize tena.

Wambura wa kwanza naye alimaliza shule. Siku hizo matokeo yalibandikwa ukutani, na mtu alikwenda mwenyewe kujisomea. Alikwenda, akarudi, akapika chakula cha jioni, na alipoulizwa amepata nini akasema atawaambia kesho. Kesho yake asubuhi alichukua jerikeni ya buluu akamwambia Ngari, aliyekuwa bado mtoto wa shule ya msingi, "Twende mtoni." Ngari akamwambia atangulie, yeye anamaliza uji. Walipomfuata baadaye walikuta jerikeni ukingoni, imejaa, kifuniko kimefungwa sawasawa. Yeye mwenyewe alipatikana chini sana, siku nyingine. Kama aliteleza au hakuteleza, hakuna aliyejua, na Igoki hakutaka mtu alizungumze. Watoto waliozaliwa baadaye waliambiwa shangazi yao alikuwa namba moja darasani na aliuawa na malaria. Jerikeni ilitundikwa darini, jikoni, kwenye moshi. Watoto walikua wakijua haiguswi, kama wanavyojua sufuria ya moto.

"Mwondoleeni lile jina," Igoki akasema.

"Mama, tangu azaliwe?" Nelius akauliza. "Ataulizia."

"Aulize. Heri mtu anayeuliza. Kuanzia sasa ni Tabitha. Lile jina linaijua njia ya mtoni."

*

Asubuhi yake Nelius alikuwa akipika mboga. "Wi..." akaanza, akajikata. "Tabby, niletee chumvi."

Wambura akageuka nyuma kuangalia ni nani ameingia.

"Tabby ni nani?" Muchangi akauliza, akacheka, akapigwa kofi la kichwa ambalo hakulielewa.

Chumvi ililetwa. Nelius aliniambia mboga ya siku hiyo ilikuwa na chumvi kama bahari, kwa sababu alikuwa haangalii anachofanya.

Baada ya hapo likaja jambo la maji. Ngari alimtoa punda, akamfunga jerikeni, akasema maji sasa ataleta yeye. Zile alizobakiza alizifungia stoo na ufunguo akautia mfukoni. Sasa huku kwetu mwanamume huchota maji akiwa na tangi na pikipiki, anauza. Kuteremka na punda katikati ya wanawake, na mke na binti wazima wako nyumbani, hilo ni jambo jingine. Wanawake walimpisha kwenye njia, wakanyamaza mpaka akapita, halafu kicheko kikamfuata mgongoni.

Ndambiri, jirani yake, alimkuta akipanda kutoka mtoni.

"Ngari, umeolewa wapi?"

"Kwa mamako."

"Mbona hukuniambia nije kula mahari?" Ndambiri akacheka peke yake, halafu akaangalia punda. "Yule msichana wako ni mgonjwa?"

"Anapumzika."

"Veronicah wangu alipata B na anapalilia."

Ngari akampiga punda ambaye hakuwa amefanya kosa, wakaenda.

Nyumbani walikuwa wamegawana zamu za kumlinda msichana bila yeye kuambiwa. Akienda chooni, Muchangi alitumwa akae nje, naye kwa kuchoka aliimba nyimbo za shule. Akienda kuokota kuni, Igoki na miguu yake mibovu alimfuata eti ananyoosha mgongo. Usiku Ngari alikaa kwenye kiti mlangoni mpaka asikie pumzi za binti yake zimekuwa za mtu aliyelala, na hata hapo hakulala, maana pumzi zikitulia sana pia aliogopa. Macho yake yalikuwa mekundu, watu wa Gachoka wakasema Ngari sasa anatafuna muguka yake mwenyewe badala ya kuuza.

Wambura aliona yote. Aliona anafuatwa, aliona kazi yake ya maji imechukuliwa, na zaidi ya yote alisikia lile Tabby, asubuhi na jioni, likitamkwa kwa uangalifu kama jina la mgeni. Alikaa nalo akalipima. Shangazi alikuwa namba moja. Jina lilikuwa la mtu mwerevu. Yeye amelipatia D, na mwenye D hawezi kubaki nalo, kwa hivyo wenyewe wamelichukua. Kwake ilikuwa wazi hivyo. Hata maji hawakutaka ayashike.

*

Jumapili walikwenda kanisani wote. Mchungaji aliwaomba watahiniwa ambao Mungu amewatendea mema wasimame waombewe. Veronicah akasimama, na mvulana mmoja wa upande wa kwaya. Nelius na Igoki walikuwa wamemkalia Wambura huku na huku, mabega yakimbana, hata angetaka kusimama asingeweza. Mama mmoja wa mbele aligeuka akamtazama Nelius, taratibu, kama mtu anayeikumbuka ile B. Nelius akafungua Biblia mahali popote.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu, Kawira, dada yake Nelius aliyeolewa Meru, akapiga simu. Nelius alikuwa akikuna karoti, akaiweka simu juu ya debe watu wote wasikie.

"Huyo mtoto mnamlilia bure," Kawira akasema. "Hapa mjini kuna chuo wanafundisha umeme. D plus inaingia vizuri. Mwirigi wangu alianza hivyo na sasa anaunganishia watu stima mpaka huko Nkubu. Mleteni akae kwangu."

Wambura akainua kichwa. Nelius anasema ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya kichuguu kuona macho yake yakiwa na mtu ndani.

"Hapana," Ngari akasema.

"Shemeji, ni wewe? Hapana nini?"

"Meru ni mbali."

"Mbali? Kwani mimi nilikuja huku na ndege?"

"Akae hapa kwanza."

Kawira akasema watu wa Mbeere ni wagumu, akakata.

"Baba," Wambura akauliza, "ni karo?"

"Si karo."

"Basi ni nini?"

Ngari aliangalia pipa la maji. Alitaka kumwambia kwamba Meru hakuna mtu atakayekaa kwenye kiti mlangoni. Kilichotoka ni, "Nenda ukalale, Tabby."

Kuku walikuwa bado nje wakila. Wambura alisimama taratibu, akapangusa sketi.

"Sawa. Huyo Tabby atalala," akasema. "Na Wambura mmempeleka wapi?"

Igoki alifunika uso kwa leso. Msichana hakungoja jibu, akaingia ndani.

*

Usingizi haukatazwi. Ulimngoja Ngari siku zile zote, na asubuhi moja kabla jua halijachomoza ukampata kwenye kiti, shingo imeangukia kifuani. Aliamshwa na Nelius, jua limeshaingia mpaka katikati ya nyumba.

"Uko naye?"

"Si yuko ndani?"

Hakuwa ndani. Punda alikuwa amefungwa mahali pake. Stoo ilikuwa na kufuli. Kwa kitambo kidogo wakatazamana na kuanza kupumua, maana kama punda yupo na jerikeni zipo, basi hajaenda huko. Ndipo wakasikia sauti ya Igoki kutoka jikoni. Haikuwa ya kuita, ilikuwa kama ya mtu anayeinua mzigo.

Alikuwa ameelekeza fimbo juu. Dari ilikuwa nyeusi ya masizi ya miaka yote, na katikati ya weusi ule palikuwa na mahali peupe, pana, penye umbo la jerikeni.

Ngari alitoka bila viatu. Nelius alijaribu kumfuata akaona hawezi kumwacha mama mkwe, aliyekuwa ameketi chini sakafuni. Njiani Ndambiri alikuwa akichuma muguka kando ya ua wake.

"Ngari, leo umesahau punda."

Ngari alimpita bila kugeuza kichwa. Ndambiri aliuona uso ule, akaliacha gunia lilipokuwa, akaanza kumfuata kwa mwendo wa mtu mnene.

Mtoni hapakuwa na mtu. Wanawake wa asubuhi walikuwa wameshapanda, na wa mchana hawajaja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa machache. Na pale ukingoni, juu ya jiwe lile lile au lingine linalofanana nalo, ilikuwa jerikeni ya buluu. Ilikuwa imeoshwa masizi. Ilikuwa imejaa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa sawasawa.

"Tabby!" akaita.

Maji yakapita.

"Tabitha!"

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye matete, basi. Ngari aliangalia mchanga, akaona nyayo zinazokwenda kwenye maji, na hakuweza kujua kama ni za leo. Akapiga magoti kando ya jerikeni, akaweka kiganja juu ya kifuniko, na aliposema tena hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye karibu.

"Wambura. Dada. Nimemaliza uji."

"Uji gani?"

Sauti ilitoka juu, nyuma ya mawe makubwa. Msichana alikuwa amesimama hapo, viatu mkononi, kamba ya kubebea begani.

Ngari hakuinuka. Alimtazama muda mrefu kama anayehesabu viungo vyake.

"Nimekuita, hukuitika."

"Uliita Tabby."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nimekaa."

"Kukaa tu?"

Wambura aliangalia mto. "Nilijaza maji, nikafunga. Nimechoka kusikia wanakucheka, nikasema leo nitaleta mimi. Halafu nikaona sina haraka ya kurudi." Akaviweka viatu chini. "Nimekaa sana, baba."

Ngari hakumwuliza zaidi. Mpaka leo hakuna aliyemwuliza. Alimwambia aketi, naye akaketi mchangani upande wa pili wa jerikeni, na hapo baba yake akamweleza yote, ukuta wa shule, chakula cha jioni, asubuhi yake, mpaka ule uji. Alikuwa hajawahi kuusimulia uji. Nelius mwenyewe alikuwa haujui.

"Kwa hivyo hamkulichukua kwa sababu nimeliharibu," Wambura akasema mwishowe.

"Kuharibu nini?"

"Jina. Si alikuwa namba moja."

"Namba moja?" Ngari akapangusa pua kwa mkono. "Hata hatukujua alipata nini. Alisema atatuambia kesho. Mama hakutaka mtu aende kusoma ule ukuta. Wewe ulituambia siku hiyo hiyo. Ulisimama juu ya kichuguu ukaisema hiyo D mbuzi wakasikia."

Wambura alicheka, na kicheko kikageuka njiani, akalia, kwa mara ya kwanza, kichwa kikiwa juu ya jerikeni. Baba yake alimwacha alie.

Ndambiri alifika akihema, jasho likimtiririka. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, na ile dhihaka aliyokuwa ameiandaa njiani akaimeza. Aliinama, akaiinua jerikeni, akaiweka begani.

"Haya," akasema, "leo tumeolewa wawili. Twendeni kabla wake zetu hawajaja kutuchapa."

*

Igoki alikuwa amesimama mlangoni, Nelius akimshika. Alimpapasa msichana uso, mabega, viganja, kisha akampiga fimbo moja mguuni, isiyoumiza.

"Binti yangu," akasema, "umechafua sketi."

Jerikeni ilitua jikoni, katikati. Kwa muda walisimama wameizunguka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ni Igoki aliyekifungua kifuniko, mwenyewe, kwa vidole vyake vile vilivyopinda, akakataa kusaidiwa. Akamwambia Nelius achote, apike uji.

Uji ulipikwa. Nelius alikoroga huku machozi yakimdondoka, akisema ni moshi.

"Wifi," akasema, bila kugeuka, "sukari."

Sukari ikaja. Walikunywa wote, na Muchangi akauliza kwa nini watu wanakunywa uji mchana kama wagonjwa, na safari hii hakupigwa. Ngari alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka chini, akakiinamisha kuona kama kimebaki kitu.

"Kawira apigiwe simu," akasema.

Akamgeukia Wambura.

"Lakini utanipigia kila jioni."

"Kila jioni utachoka, baba."

"Nichoke."

Jua lilikuwa limesimama juu ya boma, saa ile ambayo hata kuku hutafuta uvungu. Igoki alilala kwanza, juu ya gunia la ndengu, mkono ukiwa juu ya mguu wa msichana. Muchangi akalala alipokuwa amekaa. Nelius alisema anajinyoosha kidogo tu, na hakumaliza kusema. Ngari alirudi kwenye kiti chake mlangoni, macho kama makaa.

"Lala, dada," akasema. "Wewe kwanza."

"Mimi sina usingizi. Lala wewe."

Ngari aliuangalia mlango. Akaiangalia jerikeni. "Ukitaka kutoka..."

"Nikitaka kutoka nitakuamsha."

"Utaniamshaje?"

"Nitakuita kaka."

Alitaka kusema jambo jingine, mdomo ukafunguka, na hapo hapo shingo ikalegea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile kwake kupata usingizi huku binti yake akiwa bado macho.

Wambura alibaki peke yake katika boma zima lililolala. Njia ya mtoni ilionekana kutoka hapo alipokaa, nyeupe, haina mtu. Aliiangalia. Kisha akakiokota kile kifuniko cha buluu kilichokuwa chini, akakigeuzageuza, akakipitisha kidole kwenye mikunjo yake. Alimfikiria yule aliyekifunga zamani, akakikaza namna ile, tone lisimwagike. Mtu anayefunga hivyo, akajiambia, alitaka maji yafike nyumbani. Akalifikiria hilo tena, kutoka upande mwingine, na hakupata mwisho wake.

Alitandika leso yake kizingitini, miguuni pa baba yake, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kutoka bila kumruka. Akalala chali, kifuniko kikiwa ndani ya kiganja. Baada ya kitambo vidole vilifunguka vyenyewe, kifuniko kikabingirika kidogo kwenye vumbi, kikatulia, naye hakukisikia.